Uzi: Jaji Mkuu David Maraga na kipimo kimoja kwa pande zote

Katiba159

Wakuu, kila linapotajwa jina la Maraga, Jaji Mkuu wa zamani wa Kenya, watu hukimbilia Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini yake ilipobatilisha uchaguzi wa urais, na kuishia hapo. Wanaompenda wanampendea siku hiyo, na wanaomchukia wanamchukia kwa siku hiyo hiyo. Kwangu sifa yake kubwa iko kwingine. Kipimo alichokitumia kwa Rais aliyekuwa madarakani ndicho alichokitumia kwa walalamishi, kwa Bunge, na kwa mahakama yake mwenyewe ilipokosa akidi. Naomba tuweke kumbukumbu sawa humu, kwa vifungu na tarehe.

Mtu mwenyewe kwa ufupi: David Kenani Maraga, mzaliwa wa Nyamira, 1951. Shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka mingi ya uwakili, kisha Jaji wa Mahakama Kuu 2003 na Mahakama ya Rufaa 2012. Majaji wote walipopigwa msasa baada ya Katiba mpya, aliomba Biblia akaapa kwamba hajawahi kupokea hongo wala hatapokea. Aliapishwa kuwa Jaji Mkuu tarehe 19 Oktoba 2016, akastaafu Januari 2021 alipotimiza miaka 70, kama Katiba inavyomtaka kila jaji.

Kwenye usaili wa Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) mwaka 2016 aliulizwa, yeye akiwa Msabato, angefanya nini kesi ya urais ikiangukia Jumamosi. Angeweza kutoa jibu la kupendeza masikio. Alisema waziwazi kwamba Jumamosi hataketi, na kwamba angezungumza na wenzake wapange ratiba inayoepuka siku hiyo. Wengi waliona amejikata miguu. Akateuliwa. Na 2017 kikao cha matayarisho ya kesi ya urais kilipoangukia Jumamosi, tarehe 26 Agosti, kilianza jioni, jua limeshazama. Hakuna hata siku moja kati ya zile 14 ambazo Katiba inaipa mahakama kuamua kesi ya urais iliyopotea kwa ajili ya Sabato yake.

BiSheria_Mombasa

Asante kwa kufungua mlango, ndugu Katiba159. Wengi hawajui siku 14 ni chache kiasi gani, kwa hiyo niongeze upande wa utaratibu.

Kifungu cha 140 kinasema hivi: matokeo yakishatangazwa, mlalamishi ana siku 7 za kuwasilisha kesi Mahakama ya Juu. Kesi ikishasajiliwa, mahakama ina siku 14 tu za kuisikiliza na kuiamua. Uchaguzi ukibatilishwa, mwingine lazima ufanyike ndani ya siku 60. Hakuna rufaa, wala jaji hana mamlaka ya kuongeza hata saa moja.

Hesabu ya 2017: kura zilipigwa tarehe 8 Agosti, matokeo yakatangazwa tarehe 11, kesi ikasajiliwa usiku wa tarehe 18, uamuzi ukasomwa tarehe 1 Septemba. Ndani ya siku hizo 14 ondoa muda wa kuwapa wajibu kesi karatasi, muda wao wa kujibu, maombi madogo madogo na ukaguzi wa fomu. Kilichobaki kwa mawakili kusimama na kuzungumza kilikuwa siku mbili hivi, na vikao vikaingia usiku.

Hapa ndipo kesi nyingi za urais hufia. Mlalamishi anakuja na shehena ya karatasi lakini hasemi ni kituo gani, fomu ipi, kura ngapi. Au analeta ushahidi mpya dakika za mwisho: 2013, chini ya Jaji Mkuu Mutunga, mahakama ilikataa hati ya kiapo ya kurasa zaidi ya 800 kwa sababu ilikuja nje ya wakati na upande wa pili usingepata nafasi ya kuijibu. Kesi ile ilitupwa kwa kauli moja tarehe 30 Machi 2013.

Kwa hiyo wa 2017 walikuwa na somo tayari. Badala ya kushindana na tarakimu, walishambulia njia iliyozileta.

Karani_Mkongwe

Njia hiyo tuiweke bayana, maana kiini cha hukumu ya Maraga na wenzake kiko kwenye karatasi tatu.

Fomu 34A ni ya kituo. Kura zikishahesabiwa mbele ya mawakala, afisa msimamizi wa kituo anaijaza, mawakala wanatia sahihi, nakala inabandikwa mlangoni. Anaipiga picha kwa kifaa cha KIEMS, mfumo wa kielektroniki wa uchaguzi, na kuituma pamoja na tarakimu. Mwaka ule vituo vilikuwa 40,883.

Fomu 34B ni ya eneobunge. Msimamizi wa uchaguzi anajumlisha 34A zake zote.

Fomu 34C ni ya taifa, inajazwa Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura jijini Nairobi, na ndiyo anayotangazia mwenyekiti wa IEBC, yaani tume ya uchaguzi.

Tarehe 23 Juni 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya Maina Kiai kwamba matokeo yanayotangazwa eneobunge ni ya mwisho, na Bomas haina ruhusa ya kuyabadilisha. Maana yake 34A na 34B ndizo msingi wa nyumba, na 34C ni bati tu. Ukitangaza mshindi kabla hujazishika 34A zote mkononi, umeezeka paa hewani. Na ndivyo ilivyokuwa: siku kadhaa baada ya matangazo, tume ilikuwa bado haina 34A zote za kumpa aliyezidai. Maelezo yake yalikuwa kwamba vituo zaidi ya 11,000 havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G. Majaji walio wengi hawakulikubali hilo. Mtandao haukupotea siku ya kura. Tume ilijua mapema, na sheria iliitaka ijipange mapema.

Kisha ukaguzi. Mahakama iliamuru fomu zikaguliwe chini ya msajili wake, pande zote zikiwepo. Baadhi ya 34B zilikutwa hazina alama za usalama zilizopaswa kuwepo, nyingine hazina sahihi inayotakiwa. Lakini karatasi iliyonishika mimi ni moja, ile 34C yenyewe. Karatasi iliyomtangazia Rais wa Jamhuri haikuwa na alama ile inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga, wala nambari ya mfululizo. Ilikuwa na mhuri unaothibitisha kwamba ni nakala halisi ya nakala asili. Sasa jiulize kama karani: nakala asili iko wapi?

mtazamo_pevu

Nami namheshimu Maraga, lakini hukumu ya 4 kwa 2 haiwezi kusimuliwa kana kwamba wale wawili hawakuwa na hoja. Maraga, Naibu wake Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola walibatilisha. Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walipinga, na Mohammed Ibrahim aliugua kesi ikiendelea.

Tarakimu zilizotangazwa zilikuwa 8,203,290 kwa Uhuru Kenyatta na 6,762,224 kwa mlalamishi Raila Odinga. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya kura milioni 1.4. Jaji Njoki alikaa na fomu zilizolalamikiwa moja moja na kuonyesha kwamba madai mengi hayakulingana na karatasi yenyewe. Jaji Ojwang alirudi kwenye mamlaka ya wananchi: kura zilihesabiwa vituoni mbele ya watu, kwa nini kosa la kutuma picha liifute sauti ya mpiga kura aliyepanga foleni tangu alfajiri? Hilo ni swali zito, na si la kupuuzwa kwa sababu tunampenda aliyeandika upande wa pili.

Katiba159

Umesema kweli, mtazamo_pevu, na hukumu ya Jaji Njoki kila mwanafunzi wa sheria aisome. Tofauti yao inatoka kwenye neno moja la herufi mbili.

Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema uchaguzi hautabatilishwa kwa kukiuka sheria ikiwa ulifuata misingi ya Katiba, *au* ikiwa ukiukaji huo haukuathiri matokeo. Mwaka 2013 mahakama ilikisoma kwa namna iliyomtwika mlalamishi mzigo wa kuonyesha kwamba matokeo yameathirika. Maraga na wenzake walishika lile "au": mlalamishi akithibitisha kwamba uchaguzi ulikiuka misingi ya Katiba kwa kiasi kikubwa, inatosha, hata kama tarakimu hazijaguswa. Na misingi yenyewe iko Kifungu cha 81 na 86: uchaguzi uwe rahisi, sahihi, salama, wenye uwajibikaji na uwazi, na uweze kuhakikiwa.

Walitumia mfano wa hesabu za shuleni: jibu peke yake halitoshi, sharti mwanafunzi aonyeshe njia aliyofikia jibu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa darasani anauelewa, na ndiyo maana naupenda.

Kuhusu kura milioni 1.4, jibu la walio wengi linapitia kwenye seva. Tarehe 28 Agosti mahakama iliamuru IEBC ifungue seva zake kwa kusoma tu, bila kugusa kitu. Amri haikutekelezwa ipasavyo, na saa zilikuwa zinayoyoma. Mahakama ikasema basi inaruhusiwa kudhania mojawapo ya mambo matatu: ama mfumo uliingiliwa na watu wa nje, ama maafisa wa tume wenyewe waliichezea data, ama tume haikutaka kukiri kwamba imevuruga kazi ya kutuma matokeo na haiwezi kuyahakiki. Huwezi kuificha rula kisha ukadai urefu wako uaminiwe.

BiSheria_Mombasa

Niongeze jambo ambalo mashabiki wa pande zote mbili hulisahau. Walalamishi hawakushinda kila kitu siku ile, na hilo ndilo linaloipa hukumu uzito wake.

Walitaka kura zilizoharibika zihesabiwe katika kutafuta asilimia 50 na kura moja. Walikataliwa, mahakama ikashikilia msimamo wa 2013. Walidai mawaziri na rasilimali za serikali zilitumika kampeni na wapiga kura wakashawishiwa isivyo halali. Walikataliwa, ushahidi haukutosha. Na Rais mwenyewe, mjibu kesi wa tatu, hakukutwa na kosa lolote binafsi. Jaji mwenye kisasi angebeba angalau moja kati ya hayo.

Kiwango cha ushahidi nacho hakikulegezwa: zaidi ya mizani ya kawaida ya kesi za madai, chini kidogo ya kile cha jinai. Kilichobadilika ni kwamba mlalamishi akishaleta ushahidi unaotikisa, tume lazima isimame na kujibu, haiwezi kukunja mikono.

Nyota_ya_Bara

Nauliza kutoka Tanzania. Kwetu Kifungu cha 41(7) cha Katiba kinazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais akishatangazwa na Tume, na Mahakama ya Afrika ilishasema Julai 2020, kwenye shauri la Jebra Kambole, kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Sasa swali: baada ya uamuzi ule, walimfanya nini Maraga? Huku tulisikia maneno makali tu.

Katiba159

Ndugu Nyota, siku ile ile Rais aliwaita Maraga na wenzake "wakora" hadharani, na kesho yake akasema mahakama ina tatizo na litashughulikiwa. Kulikuwa na maandamano nje ya mahakama, na vitisho mitandaoni. Maraga alijibu tarehe 19 Septemba akiwa na wenzake wa JSC: vyombo vya usalama vinapuuza wajibu wa kuwalinda majaji, na kama kuna viongozi wamechoka na mahakama huru, waitishe kura ya maoni waivunje, ila hadi hapo majaji watafanya kazi yao. Kesho yake, tarehe 20, waliketi wakasoma hukumu kamili na sababu zake.

Bunge nalo likaingia kazini. Mwaka huo huo lilirekebisha Kifungu cha 83, likabadilisha ile "au" ikawa "na", ili mlalamishi athibitishe vyote viwili. Mahakama Kuu iliyafuta marekebisho hayo Aprili 2018.

Karani_Mkongwe

Mimi siku ninayomheshimu zaidi Maraga ni tarehe 25 Oktoba 2017, na hakuna aliyeishangilia.

Uchaguzi wa marudio ulikuwa kesho yake. Kulikuwa na ombi la kuuahirisha. Serikali ilikuwa imeitangaza siku hiyo kuwa ya mapumziko, lakini mahakama ilifunguliwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo dereva wa Naibu Jaji Mkuu Mwilu alikuwa amepigwa risasi. Asubuhi chumba kimejaa mawakili, kamera ziko wazi, na kwenye benchi la viti saba wameketi wawili: Maraga na Lenaola. Kifungu cha 163(2) kinataka majaji watano. Maraga akaeleza ni nani hayupo na kwa nini. Jaji Mwilu hakuweza kuja baada ya tukio lile, Jaji Ibrahim yuko nje ya nchi kwa matibabu, waliosalia hawakupatikana. Akasema kesi haiwezi kusikilizwa. Uchaguzi ukaendelea.

Wapo waliomtaka atoe amri yoyote ile, hata ya muda, kwa sababu yeye ni Jaji Mkuu. Lakini Jaji Mkuu bila wenzake wanne si Mahakama ya Juu. Yule aliyeiambia tume wiki nane kabla kwamba utaratibu si pambo, angewezaje kuuruka wa kwake?

Tarehe 20 Novemba, kesi za kupinga marudio zilipofika mbele yake, benchi lilizitupa kwa kauli moja na ushindi wa Uhuru ukathibitishwa. Waliombeba juu Septemba wakamgeukia.

mtazamo_pevu

Hapo tunakubaliana kabisa. Ila la Septemba 2020 bado linanitatiza, ushauri wa kuvunja Bunge. Bunge lililopewa amri na Mahakama Kuu Machi 2017 ni la 11. Aliloshauri livunjwe ni la 12, lililochaguliwa baadaye. Je, ni haki kumwadhibu mtoto kwa deni la baba?

BiSheria_Mombasa

Swali zuri, Mkuu, na ndilo lililobishaniwa zaidi. Tazama mashine ya Kifungu cha 261 inavyozunguka.

Katiba ilitaka sheria ya kutekeleza kanuni ya jinsia, kwamba si zaidi ya theluthi mbili za wajumbe wawe wa jinsia moja, itungwe ndani ya miaka mitano, yaani kufikia 27 Agosti 2015. Bunge likajiongezea mwaka mmoja, na Katiba inaruhusu hivyo mara moja tu. Muda ukapita. Mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu. Mahakama ikatoa amri ya siku 60. Zikapita nazo. Katika hatua hiyo kifungu kidogo cha 7 kinasema Jaji Mkuu *atamshauri* Rais avunje Bunge, na Rais *atalivunja*. Hakuna "anaweza" hapo, wala kwa huyu wala kwa yule.

Maraga alipokea maombi sita ya kumtaka atoe ushauri huo. Kuhusu la 11 na la 12: wajibu ni wa Bunge kama chombo, si wa wabunge waliokalia viti mwaka fulani. Ukikubali kwamba deni linafutika kila uchaguzi, basi kila Bunge litasubiri muda wake uishe na kifungu kitabaki maandishi matupu. Ushauri ulitoka tarehe 21 Septemba 2020, ndani ya siku chache Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wake, na Bunge halikuvunjwa. Angalia pia wakati: alikuwa amebakiza miezi minne tu kustaafu. Angeweza kuiacha faili mezani kwa atakayemfuata.

Mwaka huo huo, Juni, alikuwa ametoa taarifa hadharani kulalamikia Rais kutowaapisha majaji 41 waliopendekezwa na JSC tangu 2019, huku amri za mahakama zikipuuzwa. Wachache wa mwisho kati yao waliapishwa Septemba 2022, chini ya Rais mwingine.

Karani_Mkongwe

Tusisahau kesi ya Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017. Miezi ile ya kelele za uchaguzi, benchi hilo hilo liliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, jaji akikukuta na hatia ya mauaji alikuwa na sentensi moja tu ya kutamka, haijalishi mazingira, umri wala maombi yako ya kupunguziwa. Sasa anapaswa kusikiliza kwanza. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa, kilichofutwa ni ulazima wake.

Kilichoharibika baadaye ni matumizi. Mahakama za chini zilianza kuitumia kwa wizi wa mabavu na makosa ya ngono, wafungwa wakaomba kuhukumiwa upya kwa maelfu ya sababu tofauti. Julai 2021, Maraga akiwa ameshaondoka, Mahakama ya Juu ilitoa mwongozo: uamuzi ule unahusu mauaji peke yake, Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Anayetaka kuutumia leo asiuchukue bila mwongozo huo, atarudishwa mlangoni.

Nyota_ya_Bara

Nashukuru sana, wakuu. Je, uamuzi wa 2017 ulibadilisha chochote kwenye uchaguzi uliofuata, au ulibaki vitabuni?

Katiba159

Ulibadilisha. Mwaka 2022 IEBC iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti yake zikiingia moja moja kutoka vituo 46,229, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari vilifanya hivyo usiku kucha. Kesi ilipofika kwa Jaji Mkuu Martha Koome, benchi zima liliitupa tarehe 5 Septemba 2022, na safari hii fomu zilikuwepo za kulinganisha.

Ukitaka kusoma, usianze na hukumu ya Maraga. Anza na Maina Kiai ya Juni 2017 ujue 34B ni nini. Kisha ya 2013, uone Kifungu cha 83 kilivyosomwa mwanzo. Ndipo uingie ya walio wengi ya tarehe 20 Septemba, na ukimaliza usifunge faili: soma ya Jaji Njoki yote, ukiwa na zile fomu pembeni.